Fildi yangu Kijiji cha Makumbusho, Dar es Salaam

Nimemaliza wiki nane za mafunzo kwa vitendo Kijiji cha Makumbusho, na mwanafunzi yeyote anayetafuta nafasi namshauri aombe hapo. Ila asiende akitegemea kukaa ofisini.

Kijiji hiki kipo kando ya Barabara ya Bagamoyo tangu miaka ya 1960, chini ya Makumbusho ya Taifa. Kinachooneshwa ni nyumba zenyewe: msonge wa Wahaya ulioezekwa nyasi mpaka chini, tembe ya Wagogo yenye paa bapa la udongo, na za jamii nyingine nyingi. Siku za mwanzo nilikuwa nawatembeza watoto wa shule.

Kazi niliyoipenda ilikuja nilipopangwa kusaidia maandalizi ya siku ya ngoma, pamoja na Wagogo wanaoishi Dar. Ratiba niliandika mimi, kila kikundi na dakika zake. Kwenye kikao na wazee nikaisoma yote, wakanyamaza. Kisha mama mmoja akaniuliza, "Mwanangu, moto umeuweka saa ngapi?"

Sikumwelewa. Mama huyo anapiga muheme, ngoma ambayo wanawake wa Kigogo huibana mapajani. Akaivuta ya kwake, akaigonga kwa kiganja. Ikatoa mlio mzito uliokufa, kama gunia la mahindi. Ngozi imelala, akasema. Hewa ya pwani ina unyevu, lazima ngoma iote moto kwanza ndipo ipigwe. Kwenye ratiba yangu moto haukuwepo, wala mahali pa kuuwasha, na pale kila upande ni nyasi kavu! Tukainuka wote, tukazunguka na wazee kutafuta sehemu. Wakachagua uwazi karibu na tembe, kwa sababu paa lake ni udongo. Tukaandaa ndoo za maji na mchanga, nami nikaongeza saa nzima kabla ya ngoma ya kwanza.

Siku yenyewe nilisimama pale motoni kuliko mahali pengine popote. Mama anaigeuza ngoma mbele ya makaa, anaigonga, anaisikiliza, anairudisha. Mara ya nne au ya tano ngozi ikaita, kali, na wenzake waliokuwa wamekaa wakaanza kujifunga khanga. Darasani nilisoma kwamba jamii ishirikishwe. Maana yake niliiona hapo.

Upande wa fedha, jipange. Chuo changu kilichelewesha hela ya fildi mpaka nikamaliza, nauli na chakula cha mchana vikanitoka mfukoni kwa wiki zote nane. Bahati nzuri stendi ya daladala ya Makumbusho iko karibu.

Juzi yule mama kanipigia. Kikundi chao kina shughuli nyingine, anataka nikawaandikie ratiba. Nimemwamkia, kisha nikamuuliza ngoma zitaota moto saa ngapi.