Mwambao wa Tanga hadi Pangani kwa mwendo wa taratibu: tathmini ya safari ya kulala

Wageni wengi huipitia Tanga kwa mtindo wa "waja leo waondoka leo", na kwa sababu hiyo safari ya mwambao inayoanzia Tanga mjini na kulala Pangani inastahili kuangaliwa kwa makini, kwa kuwa imepangwa kwa watu wasio na haraka. Kikundi cha waongozaji kilichotuhudumia sitakitaja kwa jina. Nitasema tu kwamba pale kilipoiacha safari iende kwa mwendo wa bahari kilifanya kazi nzuri sana, na pale kilipotaka kushindana nayo kilituharibia.

Mjini hatukukaa sana, wala hapakuwa na haja. Tulionyeshwa majengo ya enzi ya Wajerumani, kisha tukapelekwa Raskazone, ambako mtu huitazama ghuba na kisiwa cha Toten huku akisikiliza habari za vita vya Novemba 1914, pale jeshi la Waingereza lililoletwa kutoka India liliposhindwa na kikosi cha Wajerumani chini ya Paul von Lettow-Vorbeck. Kisa cha nyuki waliowavamia askari katikati ya mapigano kilisimuliwa kwa ufasaha. Kilichonikera ni kwamba baadaye, katika barabara ya Pangani, tulipita upande wa Machui, jirani na Vibambani alikozaliwa Shaaban Robert mwaka 1909, bila mwongozaji kufungua kinywa. Kundi zima lilikuwa la wasemaji wa Kiswahili, na sidhani kama kulikuwa na mmoja wetu ambaye hakuwahi kukariri beti zake shuleni.

Tongoni ndipo safari ilipoanza kurudisha thamani ya fedha zetu. Magofu hayo, yaliyo kusini mwa mji kwa mwendo mfupi wa gari, yana mabaki ya msikiti na makaburi zaidi ya arobaini yaliyojengwa kwa matumbawe na chokaa, mengi yakiwa na nguzo, ingawa nguzo nyingi zimekwisha kuanguka na kulala chini ya vivuli vya miti. Mwongozaji alitusimamisha mbele ya nguzo moja na kutuonyesha mashimo ya mviringo ambamo zamani yalipachikwa mabakuli ya kauri kutoka Uchina. Ukiingiza kidole unahisi ukingo laini wa chokaa ulioshika bakuli, na ghafla biashara ya Bahari ya Hindi, tuliyoisoma darasani kama orodha ya bidhaa, inakuwa kitu kilichofanywa na fundi mwenye mkono makini. Hapa pia ndipo aliposimulia namna msafara wa Vasco da Gama ulivyokwama katika mafungu ya pwani hii mwaka 1498, na jinsi mwaka uliofuata, wakati wa kurudi, Wareno walivyoichoma moto wenyewe jahazi yao ya São Rafael kwa kukosa mabaharia wa kutosha. Hakutuharakisha. Tulikaa mpaka kila mtu akatosheka, tukashuka hadi kwenye mikoko kutazama jinsi bahari inavyozidi kuusogelea ufuko.

Chakula cha mchana kililiwa Kigombe, kijiji cha wavuvi, na kilikuwa wali wa nazi, mchicha na kolekole aliyechomwa kwa moto wa makumbi. Sina la kuongeza isipokuwa kwamba samaki alitosha.

Pangani ni mji wa kutembelea jua likianza kushuka. Mashua ilitupandisha mtoni kati ya minazi na mikoko, ikatugeuza polepole mpaka mlangoni, ambapo maji ya rangi ya udongo yaliyosafiri kutoka Kilimanjaro na Meru yanakutana na bahari. Ziara ya mji yenyewe haikunipendeza sana. Kunyongwa kwa Bushiri bin Salim mjini hapa mwezi Desemba 1889, baada ya vita vyake dhidi ya Wajerumani, kulipewa sentensi mbili, ilhali hadithi ya watumwa wanaosemekana kuzikwa hai katika misingi ya Boma, jengo kongwe la utawala, ilirefushwa na kutolewa kana kwamba ina ushahidi. Masimulizi ya wazee yana heshima yake, lakini msikilizaji anapaswa kuambiwa kuwa ni masimulizi.

Kasoro kubwa ilikuwa Maziwe. Kisiwa hiki kilipewa hadhi ya hifadhi mwaka 1975, wakati huo kikiwa bado na mivinje. Miti ikatoweka, na sasa ni fungu la mchanga mweupe linalofunikwa kabisa maji yanapojaa, kiasi kwamba mayai ya kasa wanaotaga pale huhamishiwa ufukwe wa bara ili yasizame. Kwa mahali pa namna hiyo saa ya kuondoka ndiyo kila kitu. Nahodha alikuwa tayari alfajiri. Alitutazamisha alama ya unyevu kwenye nguzo za gati na kusema kwamba ni siku za bamvua, yaani za maji kujaa na kupwa sana, hivyo maji yatarudi kwa kasi. Hata hivyo tulingojeshwa mpaka wenzetu wawili wamalize kifungua kinywa hotelini, na tulipofika, fungu lilikuwa limebaki ukanda mwembamba. Tuliogelea kwenye matumbawe kwa muda mfupi, tukaitwa kurudi. Jaketi okozi zilimtosha kila mtu, na nahodha hakukubali kung'oa nanga kabla hazijafungwa. Hilo lazima lisemwe.

Bei ilijumuisha gari, mashua, malazi na milo, lakini viingilio vya Tongoni na Maziwe vilidaiwa njiani, jambo ambalo halikuandikwa kwenye tangazo. Anayetaka kuichukua safari hii adai maandishi yanayoonyesha viingilio viko upande gani, na kabla ya kulipa aulize maji yatakupwa saa ngapi siku ya Maziwe. Akijibiwa kwa saa ya kifungua kinywa, achague tarehe nyingine.