Sportster 1200 na kemshafti zake nne: uzoefu wangu

Ninaendesha Harley-Davidson Sportster XL1200 ya 2008 hapa Wisconsin, Marekani, na naipa nyota tano kati ya tano. Watu wengi huisifia kwa mlio na umbo. Mimi naisifia kwa kilichojificha nyuma ya kifuniko cha kulia cha injini: kemshafti nne fupi (fito zinazozunguka, zenye nundu za kufungulia valvu), kila moja ina nundu moja tu, na zote zinazungushwa kwa giya. Humo ndani hakuna cheni ya taimingi wala mkanda.

Injini za V zenye silinda mbili zinafanana sana kwa nje, ndiyo maana mnunuzi huangalia ukubwa wa injini na bei, basi. Afungue ndani aone. Kazi ya kemshafti ni ileile kila mahali, kufungua valvu kwa wakati wake, lakini idadi yake, mahali ilipokaa na kinachoizungusha ndivyo vinavyoamua pikipiki itavuta namna gani na fundi atakula kiasi gani cha pesa zako.

Chukua Harley kubwa, kuanzia zenye injini ya Knucklehead ya 1936 hadi zenye injini ya Evolution. Zote zilikuwa na kemshafti moja yenye nundu nne, chini ya silinda. Ni chuma kimoja cha kutunza, nafuu na imara. Tatizo ni kwamba pushrodi zote nne (fito ndefu zinazopeleka msukumo wa nundu juu kwenye valvu) zinaanzia karibu sehemu moja, kwa hiyo zikipanda juu zinatanuka kama vidole vya mkono uliokunjuliwa, na kila moja inasukuma kwa mshazari. Kwenye Sportster kila pushrodi ina kemshafti yake chini yake, kwa hiyo inakwenda karibu sambamba na silinda yake na kusukuma moja kwa moja. Simama upande wa kulia wa pikipiki uitazame ile mirija minne ya kromu inayofunika pushrodi, utaona jambo lenyewe bila kushika spana. Mpangilio huu wa kemshafti nne ni wa zamani: Model D ya 1929, ile ya inchi 45 za ujazo, tayari ilikuwa nao, ukapita kwenye Model K ya 1952, ndipo ukafika kwenye Sportster ya kwanza ya 1957.

Mimi nimeufungua kwa mikono yangu, baridi ilipofunga barabara zetu, ili niweke kemshafti zinazoinua valvu juu zaidi ya zile za kiwandani. Unaanzia juu: unafungua roka (mikono midogo inayobonyeza valvu) ili springi za valvu ziache kusukuma, unatoa pushrodi, unazishikilia tapeti (vipande vinavyokaa kati ya nundu na pushrodi) juu zisishuke, kisha unakuja chini kwenye kifuniko. Oili inachuruzika, na ukiivuta gaskiti unaona giya zimekaa bega kwa bega zikishikana meno. Giya ndogo ya krenki, mhimili mkuu wa injini, inazungusha kemshafti moja, nayo inapokezana na wenzake hadi zote nne zinatembea. Kila giya ina alama yake, na alama zisipotazamana taimingi, yaani wakati wa valvu kufunguka, imeharibika. Nilikaa na tochi nikikagua alama mojamoja, nikazungusha krenki kwa mkono, nikakagua tena. Kazi inadai utulivu, lakini kila kitu kinaonekana kwa macho. Tapeti ni za haidroli, zinajirekebisha kwa oili, hivyo hakuna kupima nafasi ya valvu kila mara. Baada ya hapo pikipiki inavuta vizuri zaidi katikati, pale ninapohitaji nguvu ya kulipita lori barabarani.

Udhaifu upo. Kemshafti nne ni ghali kuliko moja ukitaka kuzibadilisha. Giya nazo zina sauti: zikibana sana zinapiga mluzi, zikilegea zinagonga. Na pushrodi, hata ikinyooka namna hiyo, bado ni uzito ambao springi lazima iurudishe, kwa hiyo injini hii haipendi mizunguko mingi.

Hapo ndipo Yamaha Virago 535 niliyokuwa nayo kabla ya hii inaishinda. Yake ni kemshafti moja juu ya kila silinda, na cheni moja kwa kila upande. Haina pushrodi, inapanda mizunguko kwa wepesi, ila valvu unazirekebisha mwenyewe. Ducati Scrambler ya cc 803, ya rafiki yangu, ni ulimwengu mwingine kabisa: mikanda inazungusha kemshafti, na kila valvu ina nundu ya kuifungua na nyingine ya kuifunga. Mfumo huo wa desmo, aliouingiza mhandisi Fabio Taglioni pale Ducati mwaka 1956, unavutia sana kuendesha. Gharama ya mikanda na ukaguzi wa valvu uiweke kwenye bajeti kabla ya kununua.

Harley wenyewe nao wamezunguka. Injini ya Twin Cam 88 ya 1999 ilikuja na kemshafti mbili zinazozungushwa kwa cheni, na vibana cheni vyake vya springi vilikuwa na viatu vya plastiki, vile vinavyogusa cheni, vinavyolika. Vibana cheni vya haidroli viliingia kwenye pikipiki za Dyna za 2006 na mwaka uliofuata kwenye zilizobaki. Anayenunua ya kabla ya hapo afungue kifuniko, atazame viatu hivyo kwanza. Kwenye modeli za 2017 injini ya Milwaukee-Eight ikarudi kwenye kemshafti moja.

Jina Sportster peke yake lisikupeleke. Sportster S iliyotoka 2021 nayo ina kemshafti nne, lakini ziko juu ya silinda, mbili kila upande, na injini inapozwa kwa maji. Ni pikipiki nzuri yenye kasi, ila ukiitaka hii ninayoisifia, tafuta yenye mirija minne ya pushrodi upande wa kulia. Iwashe ikiwa ya baridi. Tapeti zikigonga kwa sekunde chache hadi oili ifike, ni kawaida, na mvumo wa giya usiobadilika ni kawaida pia. Mlio wa kugonga unaoongezeka kadiri unavyovuta mafuta, kutoka nyuma ya kile kifuniko, uukubali tu kama muuzaji anapunguza bei ya kutosha kulipia kemshafti na giya mpya.