Nilivyoitumia akili unde kukagua jaketi za kuokolea maisha: uzoefu wangu, Lamu

Mashua ya familia yetu hubeba abiria kati ya Lamu na Faza kwa kupitia mkondo wa Mkanda, na mwezi wa Mei, kabla kusi haijashika kasi, ami yangu, ambaye ndiye nahodha, aliniagiza nitafute jaketi 12 za kuokolea maisha badala ya zile zilizochakaa. Kwa kuwa maduka ya mtandaoni yamejaa jaketi za kila rangi na kila bei, niliamua kutumia programu ya akili unde iliyomo katika simu yangu, ile inayosoma picha na kutafuta habari kwenye intaneti, inisaidie kuzitambua zile za hatari kabla sijatuma pesa.

Nilikuwa nikiipa picha ya tangazo pamoja na maelezo ya muuzaji, kisha naiuliza ni jambo gani lisilotajwa. Katika kazi hiyo nilipendezwa nayo sana. Tangazo la kwanza, la shilingi 900 kwa jaketi, lilitaja uzito wa mvaaji tu. Programu ikanieleza kwamba nguvu ya kuelea hupimwa kwa nyutoni, kwamba kiwango cha kimataifa cha ISO 12402 kina madaraja ya 50, 100, 150 na 275, na kwamba ile ya 50 imekusudiwa mtu anayejua kuogelea aliye karibu na msaada, wala haitegemewi kumgeuza aliyezirai ili uso wake uwe juu. Nimekulia baharini na sikuwahi kuelezwa hayo.

Tangazo la pili ililihusisha na tahadhari mojawapo ya Safety Gate, mfumo wa Umoja wa Ulaya wa kutangaza bidhaa hatari. Niliifungua tahadhari hiyo mwenyewe, nikaona kwamba rangi, vifungo na hata mshono wa begani ni vilevile, isipokuwa jina limeondolewa. Ulaya kwenyewe, tangu mwaka 2022, kuna programu inayopekua maduka ya mtandaoni ikitafuta bidhaa zilizokwisha kutangazwa kuwa hatari lakini bado zinauzwa.

Tangazo la tatu ndilo lililonionyesha kasoro yake. Lebo ilikuwa na nyutoni 100 na namba ya kiwango, nayo programu ikajibu kwamba haikupata tahadhari yoyote na kwamba jaketi imekidhi kiwango. Niliagiza moja, ikaletwa kwa basi hadi Mokowe, nikavuka kuichukua. Jaketi ya nyutoni 100 inapaswa kustahimili mvuto wa kilo 10 hivi majini. Ami akaifunga jiwe la mizani la chuma la kilo 5, ambalo likiwa majini huvuta kwa uzito pungufu hata ya huo, akaitumbukiza gatini. Ikazama.

“Mwanangu,” akaniambia, “hii ndiyo tungemvisha mama mwenye mtoto kule Mkanda?”

Sikuwa na jibu. Picha haionyeshi sponji iliyo ndani, lebo huchapishwa na yeyote mwenye mashine, na bidhaa ambayo hakuna aliyewahi kuishtaki haimo katika kumbukumbu zozote. Programu ingesema hivyo waziwazi, badala ya kuniambia kiwango kimekidhiwa, nisingeilaumu. Vilevile ilizijua tahadhari za Ulaya lakini haikunikumbusha kwamba hapa Kenya namba ya kibali iliyo kwenye nembo ya ubora ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, huhakikiwa kwa ujumbe mfupi kwenda 20023. Nilipoiuliza kwa Kiswahili, majibu yalikuwa mafupi na yenye maelezo machache kuliko ya Kiingereza, jambo linalowaumiza wale wanaohitaji zaidi kuonywa.

Hata hivyo sijaiacha. Ilinisaidia kuandika malalamiko yenye picha na vipimo, na tangazo likaondolewa baada ya siku 4. Jaketi zenyewe nilizinunua dukani Mombasa, baada ya kuipa programu picha za lebo zote na kuuliza tena kisichotajwa. Ndiyo iliyonitanabahisha kwamba zile 3 za watoto hazina mkanda wa kupita katikati ya miguu, nikazibadilisha papo hapo. Tuliporudi, ami alizifunga mawe ya mizani moja baada ya nyingine, safari hii ya kilo 10, na zote 9 za watu wazima zikaelea.