Visanduku vya rezista vya Mwanjelwa: nunua, ila karatasi ya majibu weka pembeni

Nimechukua viwili kwa fundi redio mmoja pale Mwanjelwa, Mbeya, elfu 8 kila kimoja, kwa ajili ya mdogo wangu yuko fomu foo na umeme unamchanganya balaa. Ni kiboksi cha plastiki kimegandishwa supaglu, nje bolti tatu A, B na C, ndani kuna rezista (vidude vya kuzuia umeme) ambazo huzioni, kazi yako ni kupima kwa mita ukinzani (omu) kati ya bolti mbilimbili halafu useme zimekaaje.

Cha kwanza kitamu aisee. A na B omu 300, B na C 500, A na C 400. Unajumlisha zile mbili zinazogusa A, unatoa ya tatu, unagawa kwa 2, unapata 100 mguu wa A, ukirudia hivohivo B inakuja 200 na C 300, nyota hiyo, yaani kila bolti ina rezista yake na zote zinakutana katikati. Unaweza kubisha kwamba ni pembetatu, yaani rezista moja kati ya kila bolti mbili, sawa, ila ndani ingebidi kuwe na rezista ya kama 367 na nyingine 550, na hizo dukani utazipata wapi? Hapo dogo alicheka mwenyewe.

Cha pili sasa. Kila pea inasoma kama 200 (mita usiweke skeli ya 200, itakuandikia 1 tu udhani waya umekatika, peleka 2000). Karatasi ya majibu inayokuja nacho inasema nyota ya 100 tatu basi, lakini dogo kaandika pembetatu ya 300 tatu, na yuko sahihi vilevile, maana 300 ikikaa paralelo (sambamba) na zile mbili zilizofuatana, yaani 600, inatoa 200, na rezista za 300 zinauzwa kama za 100. Kwa mita tu huwezi kuzitofautisha hata ukeshe, mhandisi wa umeme Kennelly kule Marekani alishaliandika hili 1899, sasa mtoto anapewa kosa la nini? Nikamrudia fundi, kanijibu "kaka, we ndo wa kwanza kulalamika." Angeandika majibu yote mawili tu, ndo raha yenyewe ya kisanduku hicho.

Mengine madogo: nati zinalegea na zikilegea namba inacheza, herufi za maka pen zinafutika haraka.

Kuna cha bolti nne elfu 12, hicho kina vipimo 6, dogo amalize mock kwanza.