Darubini za kupima umbali kwa wawindaji wa Dodoma na Singida: ipi ya kwanza, ipi uiache

Namba kubwa iliyoandikwa kwenye boksi ndiyo inayouza darubini hizi, na ndiyo inayowapoteza wanunuzi. Chukua Vortex Fury HD 5000. Hiyo 5000 ni umbali wa mwisho ambao leza yake, yaani mwale wa mwanga unaopima umbali, inaweza kusoma; ni yadi, si mita, tena ni kwa kitu kinachorudisha mwanga vizuri, mfano kibao cha barabarani. Kwa mnyama wa umbo la kulungu wa kwao Marekani, kampuni yenyewe inataja yadi 1,600. Na hapo bado hujaweka jua la saa saba mchana, vumbi, wala pofu, yule swala mkubwa, aliyesimama nyuma ya majani makavu.

Isitoshe, umbali huo kwetu hauna kazi. Kwenye miombo ya Rungwa na Muhesi, ukimwona korongo au palahala mara nyingi yuko ndani ya mita 200. Kwenye kichaka cha Itigi, kule Manyoni, kuona mita 50 mbele ni bahati. Leseni yako ikikupeleka upande wa Mkungunero, Kondoa, nchi inafunguka na leza inaanza kulipa. Lakini kinachomsumbua mwindaji kila siku ni kuona: huyu ni dume au jike, pembe zinatosha, na nyuma yake yuko mwingine ambaye risasi ikipita itampata? Kwa hiyo nimepanga kwa kuangalia kioo kwanza, leza baadaye.

Ya kwanza: Leica Geovid R 8x42. Leica ndio walioanza kuuza darubini ya macho mawili yenye leza ndani, mwaka 1992, na uzoefu huo unaonekana. Hii R haina mambo ya kuunganisha na simu, na kwangu hiyo ni sifa. Porini simu haina chaji wala mtandao. Inakupa umbali, na ukilenga kutoka mlimani inakupa pia umbali uliorekebishwa kwa mteremko. Tarakimu zake ni nyekundu na zinawaka zenyewe. Usidharau jambo hilo. Kwenye vifaa vya bei ndogo tarakimu ni nyeusi, na saa kumi na mbili na nusu jioni ukizilaza juu ya mgongo wa nyati huzioni kabisa.

Kwa nini 8 na si 10? Namba ya kwanza ni mara inazokuza, ya pili ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. Gawanya 42 kwa 8, unapata 5.25: huo ndio upana, kwa milimita, wa duara la mwanga linaloingia jichoni. Kwa 10 unabaki na 4.2. Alfajiri na magharibi, saa ambazo tandala anatoka, tofauti hiyo utaiona bila kuambiwa. Tena kukuza mara 10 kunakuza na mtetemo wa mkono, na mtu aliyetembea tangu alfajiri mkono wake hautulii. Ya 10 mwachie anayekaa sana kwenye mbuga wazi.

Ya pili si darubini moja, ni vitu viwili: darubini ya kawaida ya 8x42 yenye kioo kizuri, na kipima umbali kidogo cha kushika mkononi. Najua wauzaji hawapendi ushauri huu. Kwa mwindaji mkazi anayeingia porini kwa kibali mara chache kwa mwaka, ndio ununuzi wenye akili: leza ikifa bado una macho, na kila kimoja unakibadilisha peke yake. Hasara ni kwamba unashusha kimoja unapandisha kingine, na mnyama ameshaona mkono ukitembea. Ila usinunue kipima umbali cha wacheza gofu. Kile kimetengenezwa kishike kitu cha mbele, yaani kijiti chenye bendera. Porini kitashika nyasi. Kinachokufaa ni chenye uwezo wa kuruka cha karibu na kusoma cha nyuma.

Ya tatu: hiyo hiyo Vortex Fury HD 5000 ya 10x42. Nimeisema, lakini ukiisahau namba ya kwenye jina ni kifaa cha kazi, na bei yake iko mbali chini ya zile za Ulaya. Kioo chake mchana hakina neno; jioni ndipo Leica anapomwacha. Ukiipokea, ingia kwenye mipangilio uitoe kwenye yadi uiweke kwenye mita. Yadi 300 ni mita 274 tu.

Ya nne: Zeiss Victory RF na Swarovski EL Range TA. Kioo cha ajabu, Zeiss inatajwa kupima hadi mita 2,300, na zote zinazungumza na simu. Nimezishusha kwa sababu ya fedha tu. Ziko kwenye dola 3,000 na kupanda, na sehemu ya fedha hiyo inalipia hesabu za risasi za masafa marefu ambazo kwenye miombo hutazigusa. Mwindaji bingwa, yule anayeongoza wageni wa uwindaji kwa kazi, anayeshinda na darubini usoni msimu mzima anaweza kuzihalalisha. Mwingine yeyote, sijui.

Zile zisizo na jina zinazotembezwa zimeandikwa 90x, nyingine zikiwa na kitufe kisichopima chochote, pita.

Wengi huku hupata mtumba, kwa mgeni wa uwindaji anayeondoka au ndugu aliye nje. Hapo jaribu mwenyewe. Muuzaji atakuambia piga leza kwenye ukuta mweupe au jabali; hata kifaa kibovu kitasoma. Wewe tafuta ng'ombe mweusi aliye mita 300 hivi, jua likiwa linawaka, umsome mara kadhaa. Mwale wa leza unapanuka kadiri unavyokwenda, na kwa nyingi ukifika mita 300 una upana wa karibu nusu mita, kwa hiyo tarakimu zikiruka kutoka 300 kwenda 220, umepiga kichaka cha mbele yake. Zikikataa kabisa, rudisha. Kisha geuza lenzi kuelekea mwangani uchungulie kwa upande wa mbele: nyuzi nyuzi nyeupe kama utando ni kuvu, nayo haitoki kwa kufuta. Fungua na mlango wa betri uangalie kutu ya kijani.

Betri yenyewe, kwa nyingi za Ulaya, ni CR2 ya lithiamu, ambayo duka la Manyoni au Kondoa huenda lisiwe nayo. Nunua mbili za akiba Dar es Salaam kabla ya safari. Vumbi jekundu la huku lipulize au lipige brashi kwanza, ndipo ufute. Ukianza na kitambaa unasaga mchanga juu ya kioo cha milioni kadhaa.