Laptopu ya ex-UK ya kuchorea hapa Mombasa: ipi ununue, ipi uiwache

Mpwa wangu kanijia wiki mbili nyuma na elfu 35 alizodunduliza kwa kupaka watu hina na piko msimu wa maharusi, aniambia mjomba nataka laptopu, nataka kuchora leso. Kwa penseli keshamaliza daftari tatu, sasa ataka achore pindo kwenye kompyuta, ageuze rangi atakavyo, kisha aende Biashara Street na faili mkononi awaonyeshe wenye maduka. Mie mambo ya kufungua makompyuta na kuyarudisha ndiyo starehe yangu ya miaka mingi, kwa hivyo nilifurahi kama anayenunuliwa laptopu ni mimi. Tukazunguka maduka ya ex-UK, yaani mashine zilizotumika Uingereza zikaletwa huku, Jumamosi mbili nzima, Moi Avenue, Digo Road, tukaingia ndani ndani Mwembe Tayari, na haya ndiyo tuliyoyapata. Nayapanga kuanzia ile ningenunua mwenyewe leo mpaka ile hata ukipewa nusu bei uiwache.

Kipimo changu kikubwa ni kimoja, je hii mashine yafunguka? Yaani betri waweza kuibadilisha, ramu, ile kumbukumbu ya kufanyia kazi, waweza kuongeza, feni waweza kuisafisha bila kupeleka kitu kizima kwa fundi ukaambiwa rudi wiki ijayo. Hapa kwetu tuna joto, tuna unyevu na tuna chumvi ya bahari, ukikaa Nyali au Likoni karibu na ufuo wazijua zile tundu za USB zinavyofanya ukungu wa kijani. Halafu kuna stima kupotea. Na hamu ya kutengeneza kitu haipigi hodi, yakujia saa sita za usiku ushalala, wainuka uko na pindo kichwani limekamilika, usipolichora saa ile asubuhi hulioni tena. Mashine ya mtu kama huyo lazima iwake saa yoyote, kuna stima hakuna stima.

Jambo la pili kabla sijataja namba. Windows 10 iliachwa kupewa masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi yataka prosesa, yaani ubongo wa mashine, ya Intel kuanzia kizazi cha 8 kwenda juu. Ndio maana sasa madukani kumejaa mashine za kizazi cha 6 na cha 7 kwa bei ya kuvutia, wazungu wanazitoa maofisini kwao kwa sababu hiyo. Soma stika au ufungue sifa za mashine, i5-8250U au i5-8350U hizo ni za kizazi cha 8 na zina kora 4, yaani vichwa vinne vinavyofanya kazi pamoja, i5-7200U ni ya kizazi cha 7 na ina kora 2 tu, tofauti yake waiona siku faili ikiwa na maua mia tatu.

Basi namba moja, bila kufikiria mara mbili, ThinkPad T480. Ilitoka 2018, haina urembo wowote, nyeusi kama sufuria la pilau, lakini hii ndiyo mashine iliyotengenezwa na mtu aliyejua kwamba vitu huharibika. Ina betri mbili, moja ndani ya 24Wh, hicho ni kipimo cha umeme inaobeba, na nyengine nyuma unayoichomoa kwa vidole, ya nje ipo ndogo ya 24Wh, ipo ya 48 na ipo kubwa ya 72 inayotokeza chini kidogo mpaka laptopu yainuka kama imewekewa mto. Na waweza kuchomoa ile ya nje mashine ikiwa yaendelea kufanya kazi, ya ndani yashikilia, wapachika nyengine iliyojaa, hata hujapoteza mstari mmoja. Mimi stima ilipotea juzi saa mbili na nusu za usiku mtaa mzima giza, feni ya chumbani imesimama, jasho latiririka, nikabadilisha betri kwa mwanga wa skrini yenyewe na kazi ikaendelea mpaka stima iliporudi. Ramu ina nafasi mbili, wanunua na 8GB leo, mwezi ujao ukipata pesa waongeza nyengine 8. Chini ni skrubu chache tu.

Lakini ina mitego yake, sikiza vizuri. Wa kwanza, T480 na T480s si kitu kimoja, ile yenye s mwisho ni nyembamba na yapendeza, ila betri ya nje haina na ramu sehemu imeganda kwenye bodi. Wa pili, skrini, zipo T480 zenye nukta 1366 kwa 768, hizo kwa mtu wa kuchora ziruke, taka 1920 kwa 1080, na hata hiyo ujue rangi zake si kali, nyekundu ya leso yaonekana kama imefuliwa mara kumi. Wa tatu ndio mkubwa, hii mashine yachajiwa kwa USB-C peke yake na kuna kasoro ya programu ya ndani iliyokuwa yaua ile tundu polepole, Lenovo walitoa sasisho la kuirekebisha lakini huwezi kujua mwenye mashine huko Uingereza alilitia au hakulitia, kwa hivyo chomeka chaja tundu zote mbili za USB-C, moja baada ya nyengine, uone zachaji. Moja ikigoma rudisha mezani uombe nyengine. Sisi tuliulizwa kati ya elfu 28 na 35 kulingana na ramu na SSD, ile diski ya kasi ya kuhifadhia.

Namba mbili HP EliteBook 840 G5. Mwaka ule ule, kizazi kile kile cha 8, ramu nafasi mbili, na kwa macho ni nzuri kuliko T480, umbo la nje la alumini, spika zasikika vizuri, ukiwa wafanya mambo ya biti au kukata sauti utaipenda. Yachajiwa kwa pini ya duara au kwa USB-C, hilo zuri sana kwa sababu tundu moja ikifa ipo nyengine. Kwa nini basi si ya kwanza? Betri iko ndani, moja tu, ikichoka wafungua. Halafu baadhi zake zina skrini ya siri, ile ambayo mtu wa pembeni haoni kitu, kwa ofisi sawa lakini kwa rangi ni mateso, ukisogea kidogo tu kila kitu chageuka giza. Bonyeza F2 uone kama yabadilika, na uitazame kwa pembeni. Usichanganye na 840 G3, ambayo tuliikuta imejaa kila duka kwa elfu 20 na kidogo, hiyo ni ya kizazi cha 6. Ila sitaki kuikashifu, kama bajeti yako yaishia hapo na uko tayari kutumia Linux Mint badala ya Windows, nunua G3 tia SSD, Inkscape na Krita na GIMP, programu za kuchora na kuhariri picha, zote za bure na zafanya kazi humo bila wasiwasi, watu wamefanya makubwa na vidogo kuliko hivyo.

Namba tatu Dell Latitude 7490. Imara, nyepesi, nayo ramu nafasi mbili. Shida yangu nayo ni chaja, ile pini ya Dell ina sindano katikati inayoiambia mashine chaja ni ya aina gani, ukipata chaja ya bandia isiyoeleweka mashine itawaka lakini betri haichaji na mwendo washuka. Ukiichukua hakikisha watumia USB-C.

Namba nne MacBook Air ya Apple yenye prosesa ya M1, iliyotoka Novemba 2020. Kwa skrini na kwa betri hii yazishinda zote nilizotaja, na haina feni kabisa, joto letu hili na iko kimya. Rangi ni za kweli, ile nyekundu yawaka. Mpwa wangu aliishika akanyamaza muda mrefu. Lakini ramu haiongezwi, diski haiongezwi, na tuliambiwa elfu 65 kwenda juu, karibu mara mbili ya pesa yake. Kama pesa unayo na ni kazi yako ya kila siku, ipandishe hata namba moja. Ila Air ya 2017 usikubali kuuziwa kwa sababu ya nembo ya tufaha tu, ina kora 2, ramu 8GB iliyoganda na skrini yake yageuza rangi ukiinamisha.

Ya mwisho kabisa ni zile laptopu mpya ndani ya boksi, na naomba mnielewe wazazi, najua boksi lenye nailoni lapendeza na waranti yatia moyo, lakini ukisoma kando ya boksi ukakuta prosesa dhaifu ya Celeron, ramu 4GB na hifadhi ya polepole ya eMMC ya 64GB, iwache hapo hapo. Hiyo 64 Windows yenyewe yaila karibu nusu, ramu haiongezwi, na mtoto mwenye kipaji ataketi nayo miezi mitatu kisha aseme kompyuta si kitu chake.

Ukishachagua usitoe pesa bado, ketini hapo dukani nusu saa, muuzaji mzuri hatakukasirikia. Fungua lile dirisha jeusi la komandi uandike powercfg /batteryreport, yakutolea faili inayoonyesha betri ilipotoka kiwandani yabeba kiasi gani na sasa kiasi gani, iliyokuwa 48Wh ikiwa 40 chukua, ikiwa 20 omba ubadilishiwe. Weka picha nyeupe skrini nzima utafute madoa. Pindua uangalie skrubu za chini, zikiwa na kutu ulizia ilikaa wapi. Zima uwashe uingie BIOS, ile menyu ya mashine inayokuja kabla ya Windows, ikikuomba pasiwedi ambayo muuzaji haijui hiyo si mashine yako. Bonyeza kila herufi, na usishtuke @ kuikuta upande wa kulia karibu na Enter na alama za kunukuu ziko juu ya 2, kibodi za Uingereza ndivyo zilivyo. Chaja ije na plagi ya pini tatu, Uingereza na sisi ni moja hapo, adapta ya nini?

Alichukua T480, elfu 31, na elfu 4 zilizobaki zikaenda kwenye mausi na vifuko vya silika, vile vya kunyonya unyevu, vya kuweka ndani ya begi. Tulipofika kwao Tudor nikamuonyesha vile Inkscape yakariri umbo moja, achore korosho moja tu na pindo zima lijizungushe pembe nne, akacheka kwa sauti mpaka mamake akaja kuangalia. Saa saba za usiku simu yangu ikalia, kanitumia faili, chini yake kaandika mjomba kwenye laptopu nyekundu yangu imepauka lakini hebu itazame kwenye simu. Nikaitazama gizani, yawaka kama kaa la moto.