Tamiya Extra Thin kwenye bodi ya treni iliyopasuka, inafaa?

Haya wadau, leo tunaijaribu hii chupa ya kifuniko cha kijani, Tamiya Extra Thin Cement, gundi nyepesi ya modeli za plastiki, mililita 40, na mgonjwa wetu ni huyu hapa, kichwa cha treni cha saizi ya OO, yaani zile modeli za Uingereza za 1:76 zinazotembea kwenye reli ya upana wa milimita 16.5. Nimekichukua mtumba hivihivi kilivyo, kona ya kebini imepasuka na ufa umepanda mpaka kwenye paa, oneni.

Sasa tuelewane, hii sio supa gluu. Supa gluu inakauka katikati ya vipande viwili inabaki ganda gumu lisilopenda kugongwa, halafu mvuke wake unaacha ukungu mweupe kwenye vioo vya madirisha. Hii inayeyusha plastiki yenyewe, ndani kuna viyeyushi, asetoni na butaili aseteti, pande mbili zinalainika zinashikana, dawa ikishapaa unabaki na plastiki moja.

Fungua bodi, toa vioo, bana ufa ufunge kabisa, halafu gusisha ncha ya brashi KWA NDANI tu, ona inavyokimbia yenyewe kwenye ufa. Kwa nje usithubutu, inakula rangi na maandishi. Na kidole kisikae juu ya ufa jamani, wala selotepu, maana dawa inapenya chini yake na alama za kidole zinabaki hapo milele. Kwa ndani mimi naongeza kiraka cha plastiki nyembamba ya nusu milimita, kisha naacha mpaka kesho, hata kama pakishikwa panaonekana pamekauka.

Pakiwa na tundu hii peke yake haisaidii, ni nyepesi mno. Chukua vile vijiti vinavyobaki ukishakata vipuri vya modeli, vikatekate, viloweke kwenye hiyohiyo dawa mpaka viwe uji mzito, ziba nao. Ila utanywea ukikauka, kwa hiyo jaza kidogo kuzidi, subiri siku kadhaa, ndio upige msasa wa maji mdogomdogo, na ukwepe zile ribiti, vile vinundu vidogo kwenye bodi, ukishazisaga hazirudi.

Lawama zangu sasa. Zile ngazi na vishikizo vyembamba vya plastiki laini inayoteleza, ile asetali, hii haivishiki hata upake chupa nzima, na chuma ndio kabisa. Harufu ni kali, fungua dirisha. Halafu chupa yenyewe inapinduka kirahisi, mimi nimeitobolea kibao ikae humo.

Kwa ufa msafi kwenye bodi ya plastiki ngumu, polistaireni au ABS, mimi naipa tisa kwa kumi, kama bodi yako ni ya chuma pita, tafuta epoksi, ile gundi ya kuchanganya mbili.